Talaka yangu ilitolewa Uingereza nikiwa Dodoma: je, naweza kuolewa tena Ujerumani?

Mama Wawili, Nkuhungu

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba msaada katika jambo linaloninyima usingizi, nami nitalieleza kwa urefu ili anayeijua sheria asilazimike kukisia.

Nilifunga ndoa ya bomani hapa Dodoma mwaka 2008. Mwaka 2013 mume wangu alikwenda Uingereza kikazi, na mara ya mwisho kukanyaga nyumbani ilikuwa mwaka 2015. Mimi sijawahi kuishi huko hata siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2021 nilipokea bahasha kubwa kupitia sanduku la posta la shule ninayofundisha, na ndani yake mlikuwa na maombi ya talaka aliyoyafungua katika mahakama ya huko, pamoja na fomu ya kukiri kwamba nimeyapokea. Niliijaza, nikaweka sahihi, nikairudisha, kwa kuwa ndoa yenyewe ilikwisha kubaki jina tu na sikuona cha kupinga. Mwezi wa 9 mwaka huohuo ikaja bahasha ya pili, yenye karatasi moja iliyopigwa mhuri wa mahakama. Niliiweka katika mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nikajihesabu kuwa nimekwisha kuachika.

Sasa nimepata mchumba. Ni Mtanzania mwenzetu, mgane, anayefanya kazi Ujerumani, na tumekubaliana kufunga ndoa huko mwakani ili mimi na watoto tuhamie. Ofisi ya ndoa ya mji anaoishi imemtaka alete mambo mawili: cheti kutoka Tanzania kinachoonyesha kwamba sina kizuizi cha kuolewa, na uthibitisho kwamba talaka ya Uingereza imetambuliwa. Nilipokwenda kuulizia hicho cheti, karani aliisoma karatasi yangu, akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa ndoa ya 2008 na kuniambia kwa upole, "Mama, hapa wewe bado ni mke wa mtu." Nilitoka nje nikakaa chini ya mwarobaini kwa muda mrefu kabla ya kupata nguvu za kupanda daladala.

Ninachouliza ni hiki: je, talaka iliyotolewa Uingereza, katika kesi ambayo sikuhudhuria, ina nguvu hapa kwetu? Na nikiolewa Ujerumani bila kulimaliza suala hili, ndoa hiyo itatambulika nitakaporudi nyumbani? Kuna pia kiwanja cha Ihumwa tulichonunua pamoja kikaandikwa jina lake peke yake, lakini hilo najua ni la baadaye.

Kijana wa Area C

Pole sana, dada. Kwa mtazamo wangu, kama mahakama ya Uingereza imekwisha kuamua, hao wengine wanakuchelewesha bure. Kwa nini msitafute nchi ya tatu isiyodai vyeti vingi, mkafungia ndoa huko, kisha mkaenda Ujerumani mkiwa tayari mume na mke? Nimesikia watu wanafanya hivyo.

Karani Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuolewa. Nimeshughulika na majalada ya mahakama kwa miaka mingi, na mengi ya ndoa niliyoyaona yakiumiza watu yalikuwa ya wale waliouliza baada ya harusi.

Nianze na ushauri wa kijana wetu wa Area C, maana unaweza kukuponza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 36, inaitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi ikiwa imefuata utaratibu wa nchi ilikofungwa, lakini inataka vilevile kwamba kila mmoja wa wanandoa awe na uwezo wa kuoa au kuolewa kwa sheria ya mahali penye maskani yake ya kudumu. Maskani yako wewe ni Tanzania. Kifungu cha 15 kinasema mwanamke aliye ndani ya ndoa hawezi kufunga nyingine maadamu ile ya kwanza haijavunjwa. Kwa hiyo hata mkienda kufungia ndoa kisiwani katikati ya bahari, swali litakalokungoja Dodoma ni lilelile: siku ile ulikuwa huru au hukuwa? Kama hukuwa huru, ndoa hiyo kwetu ni batili tangu mwanzo, na mchumba wako, ambaye hana kosa lolote, atakuwa ameishi na mke asiye mke wake kisheria. Akifariki, ndugu zake wataweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba wewe si mjane wa marehemu.

Sasa talaka yenyewe. Kifungu cha 91 cha sheria hiyohiyo kinazungumzia hukumu za mahakama za kigeni katika mambo ya ndoa, na milango iliyomo ni miwili. Mlango wa kwanza: hukumu inatambuliwa hapa ikiwa mmoja wenu alikuwa na maskani ya kudumu katika nchi ile, au ikiwa ninyi wote wawili mlikuwa mmeishi huko kwa miaka 2 au zaidi kabla ya shauri kufunguliwa. Mlango wa pili: hukumu inatambuliwa ikiwa mahakama ya Tanzania imetoa tamko kwamba talaka hiyo ina nguvu.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua. Mahakama ya Uingereza ilikuwa na haki ya kulisikiliza shauri la mumeo hata kama alikuwa mkaazi tu wa huko, kwa sharti la kuwa ameishi humo mwaka mzima kabla ya kufungua. Hilo linatosha kwao. Sisi hatuishii hapo. Wewe hukuishi Uingereza, hivyo ile miaka 2 ya ninyi wote wawili haipo, na linabaki suala la maskani yake. Maskani ya kudumu si mahali mtu anapolala, hata akilala hapo miaka 10. Ni mahali alipokusudia pawe kwake kwa maisha yake. Mgogo aliyekwenda kufanya kazi Dar es Salaam miaka 20 huku akijenga kwao Bahi, moyo wake bado uko Bahi, na sheria inauangalia moyo huo kwa vitendo vinavyoonekana. Kiwanja cha Ihumwa ulichokitaja kama jambo la baadaye kinaingia hapahapa: mwanamume aliyenunua kiwanja Dodoma na kukiandika jina lake anaweza kusemwa kwamba alikusudia kurudi. Kwa upande mwingine, akiwa amechukua uraia wa Uingereza, amenunua nyumba huko na ana familia nyingine, ushahidi unageuka.

Kabla hatujaenda mbali, nakuomba unifanyie mambo mawili. Itoe ile karatasi ya Septemba 2021 kwenye mfuko, usome kichwa chake na sentensi yenye neno wiki. Kisha tafuta katika ile bahasha ya kwanza ukurasa ambao mumeo alitakiwa kueleza kwa nini mahakama ile ina mamlaka ya kumsikiliza, uone kama aliweka alama kwenye maskani au kwenye ukaazi wa kawaida.

Binti wa Kondoa

Dada yangu, mimi si mwanasheria, ila naomba niseme lililompata shangazi yangu, kwa sababu linafanana na lako ingawa njia ilikuwa nyingine. Mume wake alikuwa akiishi Omani, akamwacha kwa talaka akiwa hukohuko, na hati iliyoandikwa kwa Kiarabu ikaletwa nyumbani na mtu aliyekuwa akirudi. Shangazi alikaa eda, ikaisha, akachumbiwa. Kwa dini yetu hapakuwa na anayemzuia, na nikah ilifungwa mbele ya wazee wote. Shida ilianza pale mume wa pili alipotaka kumwandikisha kama mke katika mafao yake kazini. Ofisi moja ikasema ndoa ya kwanza haijafutwa, na ile hati ya Kiarabu ikarudishwa mara 3.

Wakili aliyetusaidia alitueleza kwamba talaka iliyotolewa nje ya nchi bila mahakama ina kifungu chake, cha 92, na sharti lake ni gumu kuliko la hukumu ya mahakama, kwa sababu talaka hiyo inatakiwa iwe na nguvu kwa sheria ya maskani ya kila mmoja wao, si ya mume peke yake. Maskani ya shangazi ilikuwa Kondoa, na Tanzania Bara talaka ya mdomo au ya barua haivunji ndoa mbele ya serikali mpaka mahakama iseme. Ikabidi kuomba tamko la mahakama. Tamko lilipatikana, lakini ilichukua muda, na kwa kipindi chote hicho shangazi alikuwa akikwepa kujaza fomu yoyote yenye sehemu ya kuandika jina la mume. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaogopa fomu. Ninakuomba usifike huko.

Mhamiaji wa Hamburg

Shikamoo mzee wa Mpwapwa, na wewe dada pole na hongera. Nimeishi Ujerumani muda mrefu na nimewahi kuwasaidia Watanzania kadhaa katika ofisi za ndoa, hivyo nitaeleza upande wa huku tu.

Ujerumani, uwezo wa mtu kuoa au kuolewa hupimwa kwa sheria ya nchi ya uraia wake. Msajili wa ndoa hataangalia kama Wajerumani wanakuona huru. Atauliza kama Tanzania inakuona huru, na ndiyo maana wanadai kile cheti. Wenzetu hupenda kudhani kwamba karani wa Kijerumani ana chuki, kumbe anaisoma sheria yetu wenyewe.

Jambo la pili, talaka ya kigeni haitumiki hapa mpaka itambuliwe na idara ya sheria ya jimbo, na katika majimbo mengi kazi hiyo imepewa rais wa mahakama kuu ya jimbo. Talaka za nchi za Umoja wa Ulaya hazipiti huko, lakini kesi yako ilifunguliwa mwaka 2021, wakati Uingereza ilikwisha kutoka, kwa hiyo itapita. Kuna msamaha mmoja: ikiwa talaka imetolewa na mahakama ya nchi ambayo wote wawili walikuwa raia wake wakati huo, utambuzi huo hauhitajiki. Talaka ya Dodoma, kama wewe na aliyekuwa mumeo bado ni Watanzania, ingeingia katika msamaha huo. Lakini chunguza uraia wake. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo ikiwa amekuwa Mwingereza, amekwisha kuacha kuwa Mtanzania, na msamaha haupo tena.

Nyaraka zote zitahitaji kutafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Msiweke tarehe ya harusi wala kulipia ukumbi kabla ya kupata majibu kwa maandishi.

Mama Wawili, Nkuhungu

Asanteni sana, na shikamoo mzee. Nimezitoa karatasi zote nikazitandika kitandani. Ile ya Septemba kichwa chake ni Decree Nisi. Sentensi yenye neno wiki nimeisoma mara nyingi, na kwa Kiswahili naielewa hivi: kwamba ndoa itavunjwa isipokuwa kama mbele ya mahakama itatolewa sababu ya kutosha, ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya hukumu hii, kwa nini hukumu hii isikamilishwe. Miaka yote hii nilisoma neno "ndoa" na neno "kuvunjwa", sikusoma yaliyo katikati.

Katika bahasha ya kwanza, mume wangu aliweka alama kwenye ukaazi wa kawaida. Kwenye maskani hakuweka kitu. Kuhusu uraia, dada yake aliniambia msimu wa mavuno uliopita kwamba bado anasafiria pasi ya Tanzania.

Mzee, je, maana yake sijaachika hata huko Uingereza?

Karani Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, karatasi uliyonayo haijavunja ndoa popote duniani, lakini usikate tamaa, kwa sababu huenda ipo nyingine ambayo haikukufikia.

Kwa utaratibu wa Uingereza wa wakati ule, talaka ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ni hiyo uliyonayo, ambayo ni kama mahakama kusema kwamba imeridhika na sababu. Baada ya wiki 6, aliyefungua shauri huomba hukumu ya mwisho, inayoitwa Decree Absolute, na hiyo ndiyo inayokata kamba. Asipoiomba, kamba haikatiki. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 majina ya hatua hizo yalibadilishwa katika mashauri mapya, ila ya kwako ni ya zamani na yanabaki hivyo. Mahakama ya familia iliyoko London hutunza orodha ya hukumu za mwisho za Uingereza na Wales tangu mwaka 1858, na mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi kwa kulipa ada. Namba ya shauri iko juu ya karatasi yako; unaweza pia kuiandikia mahakama iliyoitoa moja kwa moja. Hilo ulifanye wiki hii.

Majibu yakija kwamba hukumu ya mwisho ipo, utakuwa umeachika Uingereza, lakini kwa alama aliyoiweka mumeo mlango wa kwanza wa kifungu cha 91 utakuwa mwembamba mno. Aliiambia mahakama kwamba anaishi pale, hakusema kwamba ndiko kwao. Ana kiwanja Ihumwa. Ana pasi ya Tanzania. Mimi nisingekushauri ujitetee kwa mlango huo mbele ya msajili. Ungepita mlango wa pili, uombe tamko la mahakama hapahapa Dodoma, na tamko hilo ndilo utakalolipeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ili kumbukumbu zako zisahihishwe na upewe cheti cha kutokuwa na kizuizi. Sheria inazitaja mahakama za ngazi zote kuanzia ya mwanzo, ila kwa kuwa kuna hati ya kigeni ya kuthibitisha na mtu wa nje wa kupelekewa wito, mimi ningekwenda ya wilaya au ya hakimu mkazi.

Majibu yakija kwamba hukumu ya mwisho haipo, una njia mbili. Sheria yao ilimruhusu pia mjibu maombi, yaani wewe, kuiomba, ilimradi imepita miezi 3 baada ya zile wiki 6, na kwa kuwa umepita zaidi ya mwaka mmoja, mahakama ingetaka maelezo ya maandishi kuhusu sababu ya kuchelewa na kama mliwahi kuishi pamoja tena. Lakini ukimaliza kuipata, utarudi palepale kwenye tamko la Dodoma. Ndiyo sababu, mwanangu, mimi ningefungua shauri la talaka hapa nyumbani. Maskani yako iko hapa. Kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi ni moja ya mambo ambayo kifungu cha 107 kinayataja kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na wewe una zaidi ya hiyo. Kwa kawaida mtu hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ila kifungu cha 101 kinamsamehe ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi na hakuna dalili ya kuingia ndani ya miezi 6 baada ya maombi. Na kwa alivyoeleza ndugu yetu wa Hamburg, ikiwa nyote wawili bado ni Watanzania, talaka ya Dodoma itakurahisishia Ujerumani pia.

Kisha kuna kiwanja. Ulisema ni la baadaye, nami nakusihi usilitenge. Mahakama ya hapa inapotoa talaka ndipo inapopata mamlaka, chini ya kifungu cha 114, ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja, hata ikiwa imeandikwa jina moja. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za mke nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango, sembuse wewe uliyekuwa ukitoa na mshahara. Tafuta risiti au mashahidi wa manunuzi.

Jambo moja la kukataa kabisa: mtu akikuandikia hati ya kiapo isemayo kwamba hujawahi kuolewa au kwamba umeachika kihalali, ili mambo yaende haraka, usiweke sahihi. Wapo wanaouza huduma hiyo pembeni ya ofisi. Kiapo hicho kitatafsiriwa Kijerumani na kukaa kwenye jalada lako maisha yote.

Kijana wa Area C

Dada, nafuta nilichosema mwanzo, na naomba radhi. Sikujua kwamba kuna karatasi ya talaka isiyo talaka.

Mama Wawili, Nkuhungu

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Nimeongea na mchumba wangu jana usiku nikamsomea maneno yako yote, pamoja na lile la mke asiye mke. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tarehe ya harusi tuiondoe kwanza kwenye kalenda, na ada ya upekuzi wa London atailipa yeye kutoka huko. Barua ya kuiomba mahakama iliyotoa hukumu nimekwisha kuiandika, namba ya shauri nimeinakili tarakimu kwa tarakimu, na mwanangu mkubwa amenisaidia kuikagua.

Jumatatu baada ya vipindi nitakwenda kumwona wakili hapa mjini. Risiti ya kiwanja nimeipata, imefifia, lakini jina la aliyetoa pesa bado linasomeka, na ni langu.

Karani Mstaafu, Mpwapwa

Ipige picha leo kabla haijafifia zaidi, na Jumatatu umpelekee wakili ile yenyewe, si nakala.